Kamera ya Shangazi: kisa cha kuchagua kamera ndogo ya kila siku

Shangazi alitoa kamera kwenye mfuko wa plastiki, akaiweka mkekani baina yetu, akasema, "Mwanangu, hebu nitazamie hiki kitu. Kila nikipiga mlango, nakshi zinatoka kama uji uliomwagika."

Ilikuwa kamera nyeusi, mpya, nepesi kuliko inavyoonekana, nailoni ya kinga bado haijabanduliwa kwenye kioo. Usoni imeandikwa kwa herufi kubwa za fedha: 48MP, 4K, 16X. Aliinunua Dar es Salaam alipokwenda kwa daktari wa macho, kwa laki mbili na nusu, na muuzaji akamwapia kwamba kwa megapikseli 48 hakuna kamera itakayomshinda. Shangazi amefundisha historia sekondari zaidi ya miaka thelathini. Si mtu wa kudanganyika ovyo, lakini mambo ya kamera hakuyasomea, na aliyemuuzia alilijua hilo.

Niliigeuza nikaitazama lenzi. Kwenye duara lake hapakuwa na namba yoyote ya maana. Nikajua.

Ninaanzia hapa kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoliwa pesa zao. Kamera ya kweli hubeba kitambulisho chake kimechapwa kuzunguka lenzi. Chukua Canon PowerShot G7 X: utasoma 8.8–36.8mm, kisha 1:1.8–2.8. Jozi ya kwanza inaeleza lenzi inaanzia upana gani na inavuta hadi wapi. Gawa 36.8 kwa 8.8, unapata mara nne na kidogo, na hiyo ndiyo zumu halisi ya lenzi yenyewe. Jozi ya pili ni tundu la lenzi. Namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa, na mwanga unaingia kwa wingi. Kamera ya Shangazi haikuwa na lolote kati ya haya. Ile 16X ilikuwa ni kukata kipande cha katikati ya picha na kukikuza, kazi ambayo mtu yeyote anaweza kuifanya baadaye kwenye simu. Zile megapikseli 48 zilikuwa vitone vichache vilivyojaliziwa na programu hadi vikafika idadi ya kuandikwa kwenye boksi. Na kilichoitwa flashi kilikuwa kitaa cha tochi.

Nilipiga picha moja ya mlango wa jirani, nikaifungua kwenye kompyuta kwa ukubwa wake kamili. Maua ya nakshi yalikuwa yamepakana kama rangi ya maji iliyorowa. Shangazi alitazama, akavua miwani, akaifuta, akatazama tena. "Basi macho yangu hayana kosa," alisema. Alikuwa amedhani ni yeye.

Hilo la kudhani ni yeye ndilo lililonifanya nilichukue jambo hili kwa uzito. Ninapiga picha za harusi hapa Unguja, na najua namna mtu mzima anavyoacha jambo analolipenda kwa sababu kifaa kibovu kimemfanya ajione hawezi.

Sasa, kwa nini kamera. Shangazi anakaa Malindi, mtaa wa Mji Mkongwe hapa Unguja. Desemba 25, 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib iliporomoka, jumba ambalo Sultan Barghash alilijenga mwaka 1883, na watu wawili wakapoteza maisha. Mji Mkongwe wote umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na bado jumba kubwa kuliko yote pale mbele ya bahari likaanguka mchana. Tangu siku ile Shangazi hutoka baada ya sala ya Alfajiri, akapita vichochoroni akipiga picha milango, mabaraza, madirisha, nguzo, hata ufa ukutani. Anataka wajukuu wake wajue nyumba ilikuwaje kabla haijapakwa, haijabomolewa au haijaanguka. Akirudi nyumbani anapiga picha za wajukuu wenyewe, za chakula cha futari, za paka barazani. Hiyo ndiyo "kila siku" yake. Kamera iingie kwenye mkoba pamoja na tasbihi na funguo, itoke haraka, ifanye kazi, irudi.

Swali la simu niliuliza mapema, maana mtu anayeshauri kamera bila kuuliza swali hilo hamtendei haki mwenzake. Simu nzuri ya leo inapiga picha nzuri. Kama unapiga ili utume WhatsApp, au unataka video za watoto, weka pesa yako kwenye simu na usisome zaidi ya hapa. Shangazi alikuwa na sababu tatu. Simu yake ya kawaida, kwenye mwanga hafifu, hulainisha mbao na mawe mpaka vinafanana. Kioo chake jua likishatoka hakionekani, naye ana miwani. Ya tatu aliieleza mwenyewe: "Simu ni ya watu wote. Nikiitoa inaita, mjukuu anaitaka, salio la pesa limo humo. Kamera nataka iwe yangu."

Alikuwa ametenga shilingi milioni moja.

Kabla ya kutaja kamera yoyote nilimwomba simu yake, nikakaa nazipitia picha za mwezi mzima. Nasema wazi kwamba hii ndiyo saa moja iliyoamua kila kitu. Simu huandika ndani ya kila picha saa iliyopigwa na kasi ya shata, yaani muda ambao mwanga uliachwa uingie, na ukibonyeza maelezo ya picha utayaona. Picha nyingi za Shangazi zilikuwa kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja na nusu asubuhi, wakati jua bado halijaingia vichochoroni. Kundi la pili lilikuwa usiku, ndani ya nyumba, chini ya taa moja ya dari. Za mchana kweupe zilikuwa chache. Na karibu zote alisimama hatua mbili hadi nne kutoka kwenye alichokipiga. Haiwezekani kurudi nyuma zaidi, kwa sababu mgongo unagusa ukuta wa jirani. Picha za mbali, jahazi baharini au mnara, zilikuwa tano tu, nikazihesabu mara mbili.

Kwa hiyo mtu huyu anaishi kwenye mwanga hafifu na mahali pembamba. Anahitaji lenzi pana yenye tundu kubwa, kihisi, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga, kikubwa kuliko cha simu, kifaa cha kutuliza mtikisiko kwa sababu mkono wake wa kulia hutetemeka kidogo, na njia ya kuona picha jua likiwa kali. Zumu ndefu haikuwemo.

Hapo ndipo binamu yangu aliingia. Huyu ni mwanawe Shangazi, anafanya kazi Maskati, na alishaahidi kumletea mama yake kamera. Alikuwa amependa Canon PowerShot SX740 HS, kamera ndogo yenye zumu halisi ya mara 40. Sikumlaumu. Dukani zumu ya mara 40 inavutia kuliko kitu kingine chochote: unalenga mtu ng'ambo ya barabara, unamwona vifungo vya shati. Tukazungumza kwa simu karibu saa nzima, nikamfanyia hesabu hii, ambayo naiandika kwa ukamilifu kwa sababu itamfaa yeyote.

Kihisi cha SX740 ni cha ukubwa uliozoeleka kwenye kamera ndogo za bei ya chini na ya kati, kama milimita 6.2 kwa 4.6. Ni eneo la milimita za mraba 28 hivi. Kamera za daraja la juu yake hutumia kihisi kinachoitwa cha inchi moja. Jina hilo linapotosha, limerithiwa kwenye mirija ya kamera za televisheni za zamani, na kihisi chenyewe ni milimita 13.2 kwa 8.8. Hata hivyo eneo lake ni milimita za mraba 116, zaidi ya mara nne ya kile cha kwanza. Halafu tundu. SX740 kwenye upana wake wote inafunguka hadi 3.3. Kamera ya inchi moja yenye tundu la 1.8 inaingiza mwanga zaidi ya mara tatu kwa kila milimita. Zidisha nne kwa tatu na ushee: picha moja inakusanya mwanga mara kumi na tatu hivi zaidi, kichochoro kilekile, sekunde ileile.

Kwa lugha ya kichochoroni ni hivi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa tundu la 1.8 na kasi ya 1/40 ya sekunde, kamera ya inchi moja inaweza kutosheka na ISO 800, ISO ikiwa ni kiasi ambacho kamera inaukuza mwanga ilioupata. Ile ya zumu ndefu, kwa kasi hiyohiyo, itapandisha ISO hadi karibu 2700, tena kwenye kihisi kidogo mara nne. Hapo chengachenga zinajaa, programu ya kamera inazipiga pasi kuzificha, na zikiondoka zinaondoka na nakshi. Binamu akanyamaza kidogo, akasema, "Kwa hiyo tutakuwa tumemnunulia uji mwingine wa bei ghali." Ndivyo hasa. Kwa mtu wa kutazama ndege huko Jozani au mashua kutoka ufukweni ningemwambia achukue SX740 asisite.

Palikuwa na kamera nyingine niliyoifikiria sana, na hapa nilipaswa kujizuia. Mimi mwenyewe hutembea na Ricoh GR III. Ina kihisi kikubwa zaidi, cha aina ya APS-C, sawa na kamera nyingi kubwa za kubadilisha lenzi, na uzito wake pamoja na betri na kadi ni gramu 257. Naipenda, na kwa nakshi za mlango haina mpinzani kati ya zile zinazoingia mfukoni. Jioni moja nilimpa Shangazi aishike. Aliinyanyua, akainyoosha mbele, akavuta miwani juu, akaishusha, akageuka kulikimbia jua. Haina kitundu cha kuchungulia. Kila picha lazima utazame kioo cha nyuma. Haina flashi. Haina zumu yoyote, kwa hiyo uso wa mjukuu ukitaka ujae picha inabidi umsogelee hadi pua yake ionekane kubwa. Betri yake kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, ni picha 200 hivi, na haikufungwa dhidi ya vumbi wala unyevu. Mimi navumilia yote hayo kwa sababu kamera ni kazi yangu. Yeye hana haja ya kuvumilia.

G7 X, ambayo namba zake nimezisoma pale juu, ilikuwa karibu sana na haja yake: kihisi cha inchi moja, lenzi yenye mwanga hadi mwisho wa zumu. Nayo haina kitundu cha kuchungulia, na vijana wa TikTok wameipandisha bei, hasa toleo la tatu la mwaka 2019, hadi hata iliyotumika inauzwa kama mpya. Olympus Tough TG-6 nayo niliiweka mezani kwa ajili ya masika na chumvi ya bahari, maana inaingia majini hadi mita 15 na tundu lake linafunguka hadi 2.0. Kihisi chake ni kilekile kidogo. Ingekuwa kwa mvuvi, au mtu anayevuka kwenda Pemba kila wiki, ningeinunua hiyo.

Mpwa mmoja alipendekeza kamera za zamani za mwaka 2005 au 2006, zile ambazo vijana wanazisifia kwa rangi zake. Rangi zake kweli zina utamu. Lakini nyingi zinatumia kadi za xD au Memory Stick ambazo kuzipata dukani ni kazi, na hata zile zinazotumia SD, baadhi hazisomi kadi inayozidi gigabaiti 2. Tukaachana nazo.

Iliyobaki ilikuwa Sony RX100 toleo la tatu, ya mwaka 2014. Najua mwaka unashtua. Mwaka 2010 kamera za kidijitali zilizosafirishwa kutoka viwandani zilizidi milioni 120 kwa hesabu za CIPA, kisha simu zikalimaliza soko hilo, na watengenezaji wakaacha kutoa kamera ndogo mpya kila mwaka kama zamani. Matokeo yake kamera ya mwaka 2014 iliyotunzwa vizuri bado inashindana na nyingi za leo kwa picha za kawaida, na ikiwa imetumika iliingia ndani ya ile milioni moja. Kihisi cha inchi moja, megapikseli 20. Lenzi 8.8–25.7mm, tundu 1.8 hadi 2.8, yaani mwanga hauporomoki ukivuta. Ina kituliza mtikisiko. Ina flashi ndogo inayochomoza. Gramu 290. Na ina kitu ambacho hakikuwepo kwenye toleo la kwanza la mwaka 2012 wala la pili: kitundu cha kuchungulia kinachojificha ndani ya mwili wa kamera. Unasukuma kiswichi ubavuni, kinachomoza juu, unakivuta kuelekea jichoni. Juu yake kuna kiswichi kidogo cha kurekebisha kulingana na macho ya mtu, hivyo anayevaa miwani ya kusomea anaweza kuivua kabisa.

Inachajiwa kwa waya wa USB mdogo, ule wa simu za zamani, moja kwa moja kwenye mwili wa kamera. Kwetu, umeme unapokatika, hili ni jambo kubwa. Pawabenki inaijaza.

Kosa lililotaka kutugharimu lilitokea hapo. Binamu alipata moja kwa muuzaji wa vitu vilivyotumika huko Ghuba, safi, bei ya chini kuliko nyingine zote. Akalipa kiasi cha kuishikilia. Nikamwomba afungue menyu mbele ya kamera ya simu. Kijapani kitupu. Tukatafuta sehemu ya kubadili lugha, haipo. Kamera za Sony zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hufungwa katika Kijapani peke yake, na muuzaji hakulitaja hilo mpaka alipoulizwa. Bei ilikuwa ya chini kwa sababu hiyo. Fedha ya kushikilia ilirudi nusu. Binamu aliumia, na mimi niliumia zaidi kwa sababu nilipaswa kumwambia kabla. Ukinunua Sony iliyotumika kutoka Dubai, Maskati au mahali popote panapopokea mizigo ya Japani, kitu cha kwanza kuomba ni picha ya menyu, kabla hata ya kuuliza bei.

Ya pili ilikuwa ya Kiingereza, ghali zaidi kwa laki na nusu. Binamu aliikagua nikimwelekeza kwa simu. Aliiwasha na kuizima mara kumi akisikiliza lenzi inavyotoka na kurudi. Isikwame, isikwaruze, kwa sababu mota ya lenzi ndiyo inayoua kamera nyingi za namna hii. Alimulika tochi ya simu ndani ya lenzi kutoka pembeni kutafuta kuvu, ile mizizi myeupe kama utando wa buibui, ambayo kwa hewa ya pwani ni ugonjwa wa kawaida. Alipiga ukuta mweupe kwa tundu dogo kutafuta madoa ya vumbi kwenye kihisi. Alifunika lenzi kwa kiganja akapiga picha nyeusi, akaikuza kutafuta vitone vinavyong'aa. Alichomoza kitundu na kukirudisha. Alifungua mlango wa betri akaangalia kutu. Dakika ishirini. Muuzaji alikuwa mvumilivu, na hilo pia ni dalili njema.

Kadi tulinunua mpya hapa mjini, nikaijaribu kwenye kompyuta kwa programu ya H2testw, inayojaza kadi yote kisha kuisoma upya. Kadi bandia husema ina gigabaiti 64 nayo ina 8, na utagundua siku picha zako za mwezi zitakapogoma kufunguka.

Shangazi alipoipokea nilimfundisha vitu viwili tu, na cha kwanza kilikuwa kuwasha. Cha pili kinahitaji maelezo, kwa sababu bila hicho kamera bora duniani ingemsaliti.

Kipima mwanga cha kamera hakijui kinatazama nini. Kimetengenezwa kukisia kwamba dunia, kwa wastani, ina weupe wa kijivu cha kati. Sasa kipeleke Mji Mkongwe. Kuta zimepakwa chokaa nyeupe. Babu amekaa barazani na kanzu nyeupe na kofia nyeupe. Kamera inaona weupe mwingi, inaogopa, inapunguza mwanga. Kuta zinatoka kijivu, na uso wa babu unatoka giza, macho hayaonekani. Geuza: bibi aliyevaa buibui jeusi amejaa kwenye picha. Kamera inaona weusi, inaongeza mwanga, na uso wake unababuka kama aliyejipaka poda. Watu wetu wamezoea kudhani ngozi zao ndizo "hazitoki vizuri kwenye picha". Wanasema hivyo studio, harusini, wakicheka, na kila mara linanichoma. Hata zama za filamu, kadi za mfano ambazo Kodak ilizisambaza kwa maabara kurekebishia rangi, zilizoitwa kadi za Shirley, zilikuwa na picha ya mwanamke mweupe. Ngozi ya mtu haina kosa. Kipimo kimekosea, na kipimo kinarekebishwa.

Kila kamera inayostahili jina ina alama ya kujumlisha na kutoa, +/−. RX100 ina duara linalozunguka lenzi, na unaweza kulipangia kazi. Nikalipangia kazi hiyo moja. Nikamwambia: kweupe kukizidi, zungusha upande wa kujumlisha mpaka usome +0.7 au +1. Kweusi kukizidi, rudi upande wa kutoa kwa kiasi hichohicho. Tazama uso, usitazame ukuta. Tulifanya mazoezi barazani kwa mjukuu aliyevaa kanzu ya Ijumaa. Picha ya kwanza uso wake ulikuwa kivuli. Shangazi akazungusha duara, akapiga tena. Mashavu yakatokea, meno yakatokea, na kwenye kanzu mstari wa darizi ya kifuani ukabaki unaonekana. Akaigeuza kamera kumwonyesha mtoto, mtoto akasema, "Mimi huyo!" Shangazi akapiga tatu nyingine bila kuniuliza.

Ni miezi mitano sasa. Niandike na yanayomkera. Zumu inaishia mahali padogo. Kuna roshani ya mbao yenye nakshi za kutoboa, ghorofa ya pili, anayoitaka na haifikii. Suluhisho lake limekuwa kubisha hodi nyumba ya mkabala na kuomba kupanda juu, na mara mbili amekaribishwa chai. Kitundu cha kuchungulia kinamchanganya kwa sababu ukikisukuma ndani kamera inazimika. Betri ni ndogo. Kipimo rasmi ni picha 320, lakini kwa mtu anayerudia kuzitazama picha kiooni kila dakika haifiki hapo, na nilimwahidi ya pili. Unyevu unatutisha sote wawili, kwa hiyo kamera inalala kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, na vifuko vya kukausha unyevu humo ndani, badala ya kabati la nguo. Kila Alhamisi mjukuu mkubwa hunakili picha kwenye diski mbili, na moja ya hizo inakaa kwangu.

Jambo ambalo sikulitarajia ni ukubwa wa kuchapa. Picha za kamera hii zina vitone 5472 kwa 3648. Zinachapwa sentimita 46 kwa 31 kwa ubora wa kitabu bila kunyooshwa. Shangazi sasa amebandika mlango mmoja ukutani sebuleni, na wageni wanausogelea kwa pua.

Wiki iliyopita alinipigia simu saa moja asubuhi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia haraka, akaniambia nije. Nilimkuta kichochoroni mbele ya mlango wa nyumba ambayo amepita mbele yake tangu utoto. Kizingiti cha juu kina maandishi ya Kiarabu, lakini yamepakwa rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka hadi mchana huyaoni, unaona ubao tu. Alikuwa amegundua kwamba kwa dakika chache, mwanga wa asubuhi unapopita ubavuni mwa ukuta, mabonde ya herufi yanashika kivuli. Alipiga akiwa ameegemea ukuta wa mkabala, mkono umetulia, duara kwenye −0.3. Akanikabidhi kamera, akaniambia nikuze pembe ya kushoto. Nikabonyeza mara tatu. Chini ya rangi ya kijani zilitokea tarakimu nne, moja moja, kingo zake bado kali: ١٣٠٦.

"Elfu moja mia tatu na sita, Hijria," alisoma. "Barghash keshakufa mwaka huo. Ni zama za Sultan Khalifa." Kisha akaichukua kamera, akatazama alama ya chaji iliyobaki kipande kimoja, akaniuliza ile betri ya pili iko wapi.